Walinzi wa Kila Dhehebu, Waya Mmoja

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimepanda juu ya kiti, mbele ya ukoo mzima, natangaza kwamba kura ya nyumba itapigwa kwa Barq. Wengi mmeniuliza kama kiti kilivunjika. Hapana, kiti kilikuwa imara. Mimi nilianguka Jumapili, nikiwa nimesimama chini.

Kwa aliyejiunga leo, anayeongea ni Zuhair wa Beirut, mtu ambaye bahati ikifika mlangoni kwake huuliza njia ya kwenda kwa jirani. Benki ilishika akiba yangu na mpaka leo imeisahau mkononi. Duka langu la simu lilifungwa. Mchumba wangu alikwenda Sydney kumsalimia dada yake, jino likamuuma, akaolewa na daktari wa meno. Nilichobaki nacho ni sifa ya kuwa "kijana wa ukoo anayejua mashine", na kijana mwenyewe ana upara.

Kwa sifa hiyo chama cha ukoo wetu kikanikabidhi kura.

Kura ilihusu nyumba ya babu, kijijini, juu mlimani. Shangazi Wadad, dada wa marehemu baba yangu, alizaliwa ndani ya nyumba ile, hakuolewa, na hajalala kwingine. Binamu yangu Nizar anataka iuzwe ijengwe hoteli. Sheria ya chama haina kona: haiuzwi mpaka kura za kuuza ziwe nyingi kuliko za kubakiza. Zikilingana, inabaki.

Na ukoo wenyewe umetapakaa. Wako Sydney, wako São Paulo, wako Detroit. Wengine hawajawahi kukanyaga kizingiti chake, ila kila mmoja ana picha ya nyumba hiyo sebuleni, imewekewa fremu.

Basi juu ya kile kiti niliapa: "Shangazi Wadad hatolewi ndani ya nyumba ile mimi nikiwa hai!"

Walipiga makofi mpaka picha za mababu zikatikisika ukutani. Shangazi mwenyewe alikuwa jikoni, anatupikia kahawa.

Sasa nikiri jinsi nilivyoichagua hiyo Barq.

Tulikuwa na mitandao miwili ya blokcheni ya kuchagua. Yote miwili ni kama daftari moja lenye nakala nyingi. Kila nakala iko kwa mlinzi wake, ndani ya mashine yake ndogo kama kisanduku, na kura ikishaandikwa kwa walinzi, hakuna wa kuifuta peke yake. Tofauti yao ni walinzi. Jabal, maana yake jabali, ina maelfu, toka Iceland mpaka Japani, watu wasiojuana hata kwa sura. Barq ilianzishwa na vijana wa hapa hapa mjini tangu mabenki yalipotufungia milango, na walinzi wake ni kumi na tano tu.

Tuliijaribu mbele ya watu, ukumbini mwa chama. Ami Tanius, ndugu wa kiume wa mwisho wa baba aliyebaki hai, alikuwa kwenye simu kutoka São Paulo. Swali la majaribio nilitunga mimi: "Je, Nizar ana kitambi?"

"Ndiyo!" alinguruma Ami Tanius, akabonyeza Barq. Kabla hajafunga mdomo, "ndiyo" ilikuwa imekwisha kaa kwenye mwanga wa projekta, ukutani kwetu.

Kisha akabonyeza Jabal.

Tukangoja. Shangazi Wadad akaweka birika la kahawa motoni. Ikachemka, akaiinua. Ikachemka tena, akaiinua. Ikachemka mara ya tatu, akaacha itulie, akamimina vikombe vyote, na ndipo ile "ndiyo" ya pili ikajitokeza, imechoka kama aliyepanda mlima kwa miguu.

"Sasa watu wa Sydney watakaa wakingoja jiwe lipumue?" Nizar alisema, manukato yake yakitangulia maneno. "Binamu, tuko karne gani?"

"Na hao kumi na tano wa Barq," Ami Tanius aliuliza, "wakielewana kutuchezea kura?"

Hapo ndipo nilipopanda juu ya kiti, wasomaji wangu, na hapo ndipo mngenishusha kama mngekuwepo.

"Ami, nimewakagua mmoja mmoja! Daktari wa meno ni Mmaroni. Mwoka mikate ni Msunni. Samira wa saluni ni Mshia. Fundi wa matairi ni Mdruze. Muuza viatu ni Mwarmenia. Wapo na Waorthodoksi. Watu hawa hawajaelewana mpaka leo pipa la takataka liwekwe wapi. Wataelewana kuiba kura?"

Ukumbi ulilipuka. Huku kwetu, kitu kikishagawanywa kwa madhehebu yote, mtu analala usingizi. Bunge tumeligawa hivyo, bandari tumeigawa hivyo, na mimi nikaona nimeupata ulinzi usiovunjika. Hata Ami Tanius alisema: "Hapo umesema kiume."

Shangazi alinipa kikombe changu cha kahawa. "Kunywa, shangazi," aliniambia, maana kwetu shangazi humwita mpwa wake kwa cheo chake yeye, kwa mapenzi. "Umepiga kelele nyingi, koo litakauka."

Nilidhani ananisifu.

Jumapili ikafika.

Sydney huamka kabla ya watu wote. Tulipotoka kanisani, wao walikuwa wameshapiga kura zao, na karibu zote zilikuwa za kuuza. Nizar amewalainisha mwaka mzima, kila ndoa na kila ubatizo anatuma maua. Alisimama ukumbini akitabasamu kama bwana harusi.

"Mapema bado," nilimwambia. "São Paulo na Detroit wamelala. Wakiamka, habibi, utatafuta pa kuweka hayo meno."

Shangazi Wadad naye alikuwa ameshuka toka kijijini. Kura yake aliipiga wa kwanza hapa ukumbini, mbele ya macho yetu: nyumba ibaki. Jina lake likatokea ukutani, tukampigia makofi. Akaenda jikoni.

Adhuhuri hivi, São Paulo wakaanza kuamka. Kura za kubakiza zikaanza kudondoka, moja, nyingine, nyingine. Nizar alipunguza tabasamu.

Halafu umeme ukakatika.

Hakuna aliyeinua kichwa. Beirut, umeme ukikatika ni kama mtu kapiga chafya. Kompyuta yangu ilikuwa na chaji, nikawageuzia waione vizuri.

Lakini kura zilikuwa zimesimama.

Simu ikalia. "Zuhair!" Ami Tanius huyo. "Nabonyeza, haiendi! Mke wangu anabonyeza, haiendi! Nina wajukuu hapa wamevaa nguo za sikukuu wanangoja kupiga kura, nao haiendi!"

"Bonyeza tena, Ami."

"Nimebonyeza mpaka kidole kimekuwa bapa!"

Nikatoka barazani nipate hewa. Ng'ambo ya barabara, Samira wa saluni alikuwa ameegemea ukingo wa roshani yake, mkononi ana kitana, ndani ana mteja aliyepakwa rangi kichwani.

"Wee Zuhair! Kile kisanduku chenu cha Barq kimezimika!"

"Kimezimikaje? Umekichomeka wapi?"

"Kwenye umeme. Ulitaka nikichomeke kwenye mtindi?"

"Umeme wa nani, Samira?"

Aliniangalia kwa huruma. "Una homa? Mtaa huu kuna umeme wa nani mwingine?"

Chini, mwoka mikate alitoka na unga mpaka kwenye nyusi: chake nacho kimezimika. Daktari wa meno akachungulia dirishani: chake pia. Fundi wa matairi alikuwa amekileta mkononi kabisa, kama mtu aliyeokota ndege aliyekufa.

Nikainua macho.

Kutoka roshani ya Samira ulitoka waya mweusi. Wa mwoka mikate ukatokea chini, wa daktari juu, wa Mwarmenia pembeni. Zote zilivuka barabara, zikakutana kwenye nguzo ya kona, na toka pale ukashuka waya mmoja mnene, ukaingia uani kwa Abu Rabii mwenye jenereta, anayeuzia umeme mtaa mzima. Nimepita chini ya nyaya zile tangu utoto. Zile za upande wetu nimeanikia soksi.

Madhehebu nilikuwa nimeyahesabu yote. Kwenye nguzo ya kona sikuwahi kutazama.

"Pole, binamu," Nizar alisema nyuma yangu. "Mtandao umekufa. Jua likizama tunahesabu zilizopo, na zilizopo zinauza."

"Soma kanuni niliyoandika," nilimwambia. "Barq ikisimama, zilizoingia zinahesabiwa, zilizobaki zinapigwa kwa Jabal." Nikarudi kwenye simu. "Ami! Hamieni Jabal!"

"Ile ya kahawa?"

"Hiyo hiyo! Waambie na Detroit, wote, na msingoje!"

"Itatuchukua mpaka jioni!"

"Jioni tunayo, Ami. Endeni!"

Nikasikia kwenye simu kelele za watoto wakipangwa mstari kwa Kireno. Nami nikatimua mbio kwa Abu Rabii, nikijua kabisa nitakachokikuta: harufu ya manukato ya Nizar.

Abu Rabii alikuwa amekaa kwenye kreti uani, mbele ya jenereta lililonyamaza, anachovya mkate kwenye bakuli la jibini laini.

"Karibu, ustadh. Kula."

"Abu Rabii, washa."

"Inapumzika."

"Jumapili mchana, watu wanapika?"

"Hata mashine ina Jumapili yake."

"Nizar amekupa nini?"

Akaacha kutafuna. Nilimuona amekasirika kweli.

"Nizar? Yule aliyenipitia hapa na kitambaa puani? Huyo akishika moto, ndoo yangu nitaificha."

"Basi nani kakwambia uzime?"

"Nimeapa sisemi."

"Abu Rabii, nakuomba. Kuna mwanamke mzee atatolewa nyumbani kwake jioni hii. Shangazi yangu. Unamjua."

Akaweka mkate chini.

"Mama yangu alipougua kule kijijini," alisema taratibu, "mimi nilikuwa hapa nahangaika na dizeli. Kuna mtu alimkalia kitandani mpaka siku ya mwisho. Akamuogesha, akamlisha. Nilipotaka kumlipa alinifukuza kwa ufagio. Mtu huyo hajawahi kuniomba hata kijiko cha chumvi. Leo asubuhi ameniomba jambo moja. Ungekuwa wewe ungekataa?"

Nikakaa juu ya pipa la mafuta.

"Shangazi Wadad?"

"Mimi sijataja jina."

"Amejuaje kwamba visanduku vyote viko kwako?"

"Nilimwambia mwenyewe, siku ile ile uliyopanda kiti. Nilimwambia, mpwa wako kaweka walinzi wa kila dhehebu, na wote wananyonya kwangu. Tulicheka mpaka machozi." Akanigeukia, uso umejaa mshangao wa kweli. "Nilidhani unajua, ustadh. Unapita hapa kila siku!"

Nilirudi ukumbini mbio zaidi ya nilivyokwenda. Ukumbini walikuwa wamekodolea kompyuta. Nikapita moja kwa moja mpaka jikoni.

Shangazi alikuwa amekaa kwenye stuli, mikono mapajani. Chini ya meza kulikuwa na sanduku lake dogo la nguo, lile la kamba. Mtu anayekuja mjini kwa siku moja habebi sanduku.

"Shangazi, umeizima wewe?"

"Mimi sijagusa kitu. Nimeomba."

"Kwa nini? Wanataka kuiuza nyumba yako!"

"Fungua masikio, Zuhair. Dari linavuja juu ya kitanda changu tangu mwaka juzi. Nimesogeza kitanda, nalo limenifuata. Theluji ikianguka mlango haufunguki, nabaki na redio, na redio yenyewe ikishikwa na baridi inakoroma. Nani alikuja? Tanius? Tanius ana picha ya nyumba ukutani. Mimi ndiye ninayeifagia hiyo picha."

Mara ya mwisho kupanda kule nilikuwa na mchumba.

"Nataka chumba hapa mjini," akasema, sauti imeshuka. "Kimoja tu. Chenye jirani wa kunigongea mlango kuuliza kama nimeamka. Basi."

"Mbona ulipiga kura ya kubakiza?"

"Jina linatokea ukutani, au siyo? Linasomwa mpaka Detroit. Binti wa marehemu anauza nyumba ya baba yake! Kijijini wangenitafuna mpaka mifupa. Nikasema acha Sydney waiuze, mimi nilie kidogo mbele za watu, nishukie hapa na sanduku langu."

"Ungeniambia mimi. Shangazi, ungeniambia!"

"Ulikuwa juu ya kiti," alisema.

Toka ukumbini zikasikika shangwe. Kura ya kwanza ya Jabal ilikuwa imeingia: kubakiza.

Shangazi akanishika mkono. Viganja vyake ni vikavu kama gome.

"Zisimamishe hizo."

"Siwezi."

"Ile nyingine imesimama kwa neno moja."

"Ile nyingine ilikuwa na Abu Rabii. Jabal haina wa kuombwa, shangazi. Walinzi wake ni maelfu, kila mmoja na umeme wake, na nchi yake. Hakuna hata mmoja uliyemuuguzia mama."

"Ulisema hilo ndilo zuri lake."

"Ndilo."

"Basi zuri lake limeniangukia mimi."

Nyingine ikaingia. Kubakiza. Nikaona wajukuu wa Ami Tanius na nguo zao za sikukuu, mmoja mmoja akibonyeza kwa heshima, wanamuokoa bibi wa nyumba ya kwenye picha. Mchana wote zilikuja hivyo, polepole, bila haraka na bila huruma, kama matone ya lile dari. Nilijaribu kumpigia Ami nimwambie aache. Nilipiga mara ngapi sijui. Laini ilikuwa na shughuli, alikuwa anawahimiza Detroit kama nilivyomuagiza.

Jua lilikuwa limefika kwenye matangi ya maji ya jengo la mbele alipopiga mwenyewe.

"Zimelingana!" alipiga ukelele mpaka simu ikakwaruza. "Zuhair, zimelingana, na zikilingana inabaki! Tumeiokoa nyumba ya Wadad! Mpe simu nimbusu!"

Ukumbi mzima ulisimama. Mtu akaanza kuimba. Nizar peke yake alikuwa ameinamia kompyuta, anapitisha kidole kwenye majina, na kidole kikasimama.

"Subirini," alisema. "Kuna mmoja bado. Zuhair hajapiga."

Kweli. Kura yangu niliiweka ya mwisho, kama mtu anayebakiza kipande cha nyama pembeni mwa sahani. Nilitaka iwe pigo la ushindi, kila mtu aone jina langu.

"Kuna haja gani?" Ami Tanius alicheka simuni. "Yeye si aliapa? Piga, mwanangu, piga tumalize!"

Wakanitengenezea njia mpaka kwenye dirisha penye mtandao mzuri. Simu ilikuwa mkononi, na juu yake maneno mawili: kubakiza, kuuza. Lolote nitakalobonyeza litaandikwa kwa maelfu ya walinzi nisiowajua, jina langu likiwa pembeni, na sitakuwa na wa kumuomba alifute. Nisipobonyeza, jua linazama zikiwa sawa, na yeye kesho anapanda mlima na sanduku lake.

Nikageuka. Alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, birika mkononi. Uso wake ulikuwa mkavu, umetulia, uso wa mtu wa kwenye picha.

"Bwana Zuhair," aliniita, si "shangazi" kama kawaida, mbele ya watu wote, na hakuna aliyeona ajabu ila mimi. "Jua bado lipo kidogo. Kahawa niiweke motoni, au hakuna haja?"

Kwa Jabal, kura moja ni birika moja; alikuwa ananiuliza kama nitabonyeza.

Hakungoja jibu. Nilisikia kiberiti kikikwaruza, gesi ikashika moto, na ukumbi mzima ukanigeukia kuangalia kidole changu.